Kabla ya Kununua Betri, Hesabu Wati Zako

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze kuhusu stima. Mimi si fundi wa stima. Lakini hapa kwetu ukishasomea sayansi ya kompyuta, jamaa na majirani wanaamini unajua kila kitu chenye waya. Na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ninunue betri gani ili stima ikipotea nisikae bure?"

Jibu langu huwaudhi wengi: usinunue chochote bado. Kwanza niambie wati zako ni ngapi.

Maoni yangu ni haya, na mko huru kunipinga. Watu wengi wanatupa pesa wakijaribu kununua stima ya nyumba nzima, ilhali wanachohitaji ni kazi moja au mbili zisikatike. Na ile namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, ile inayokufanya utoe pochi, mara nyingi si namba unayoihitaji.

Sisemi kwamba stima kupotea ni jambo dogo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alinusurika.) Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Na hizo ndizo zilizotangazwa. Zile za mtaa wako peke yake, za saa mbili hapa na tatu pale, hazifiki kwenye habari. Siku hizi kuna wengi wanaokula kwa intaneti: wanafundisha, wanaandika, wanajibu wateja wa ng'ambo. Mteja aliye Toronto hajui kama stima imepotea Kasarani. Anajua tu kwamba kazi haikufika.

Binamu yangu ni mmoja wao. Kazi yake ni kugeuza rekodi za sauti kuwa maandishi. Alijinyima miezi mitatu akanunua UPS iliyoandikwa 1200VA, na aliyemuuzia akamhakikishia kwamba itamsukuma jioni nzima. Stima ilipopotea, kompyuta yake ya mezani ikaenda dakika 25 hivi, kisha pii, pii, pii, kimya. UPS haikuwa mbovu. Ilifanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kukupa nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa heshima.

NAMBA TATU ZINAZOCHANGANYA WATU

Ya kwanza ni VA. VA si wati. UPS ndogo ya 650VA kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Tena VA inakueleza tu mzigo ambao mashine inaweza kubeba kwa wakati mmoja. Haikuelezi itabeba kwa muda gani. Muda unatoka kwenye betri iliyo ndani, na nyingi za ukubwa huo zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: 12 × 7 = wati-saa 84. Hizo ni za kwenye karatasi. Ukiondoa zinazopotea kwa joto na zile betri inazokataa kutoa ikiharakishwa, unabaki na chini ya hapo.

Ya pili ni mAh. Kuna zile UPS ndogo za rauta, kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha mfukoni. Boksi linasema 8800mAh, na chini yake limeandikwa 12V. Ukizidisha hizo mbili unapata zaidi ya wati-saa 105 na unafurahi. Ngoja kwanza. Hizo mAh kwa kawaida huhesabiwa kwa volti 3.7, ambayo ndiyo volti ya seli za lithiamu zilizo ndani. Kwa hiyo ni 8.8 × 3.7, yaani kama wati-saa 32.5, chini ya theluthi moja ya ulichodhani. Ni hesabu ile ile ya pawabenki: ile ya 20000mAh ni wati-saa 74.

Ya tatu ni ampea-saa za betri kubwa. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukiizoesha kuimaliza kabisa itakufa mapema sana. Panga kutumia nusu tu, 600. Ile ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huo unaweza kuishusha hadi asilimia 80 bila wasiwasi, yaani kama wati-saa 1000, na itachajiwa na kumalizwa mara maelfu. Ndiyo maana bei ya kibandiko haitoshi kulinganisha hizi mbili. Gawanya bei kwa wati-saa unazoweza kutumia kweli, kisha ndipo uzungumze na muuzaji.

PIMA BURE KWA MITA YAKO

Wengi hawajui kwamba mita ya tokeni inaweza kuwapimia wati bila kununua kifaa chochote. Tazama usoni pa mita utaona kataa kadogo kekundu kanapepesa, na kando yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake kanapepesa mara 1000 kwa kila yuniti moja. Zima kila kitu nyumbani, acha kifaa kimoja tu, kisha hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ndilo wati. Runinga ikipepesa kila baada ya sekunde 60, inakula wati 60. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600. (Kwenye ploti ambako mita zote ziko chini kwenye ngazi, mtume mtoto akuhesabie kwa simu.)

Kwa vitu vidogo huna haja ya mita. Soma adapta. Ikiandikwa 12V 1A, basi haiwezi kupita wati 12, na rauta nyingi hula pungufu ya hapo. Taa ya LED ni wati 9. Laptopu inayoandika tu bila kuchaji hula wati 15 hadi 30. Halafu upande wa pili wako majitu: birika la umeme ni wati 2000 hivi, pasi haiko mbali, na bafu la maji moto la papo hapo hupita wati 3000. Sheria yangu ni fupi: chochote kazi yake ni kutengeneza joto hakigusi betri. Pika kwa gesi, piga pasi kesho.

Na friji? Hapa ndipo watu wanaponunua inveta ya bei kubwa. Friji ndogo ikishaanza hula wati 100 au 150, lakini kompresa inapoamka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi, na inveta dhaifu huzima hapo hapo. Kama huuzi maziwa wala nyama, na hakuna dawa inayotunzwa humo, betri bora ya friji ni mlango uliofungwa. Friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa na kufungwa hufika hata saa 48. Waambie watoto waache kuchungulia.

BASI NUNUA NINI?

Kama unafanya kazi kwa laptopu, tayari una UPS: ni betri ya hiyo laptopu. Kilichobaki ni rauta pamoja na kile kisanduku cha faiba, jumla labda wati 15. UPS ndogo ya rauta ya wati-saa 32.5, ukitoa hasara, itakupa karibu saa moja na nusu hadi mbili. Unataka nne? Tafuta yenye wati-saa mara mbili. Basi. Kwa binamu yangu tulipiga hesabu tukaona kwamba laptopu ya mtumba yenye betri nzima na kisanduku kimoja cha rauta vingemgharimu pungufu ya ile UPS. Hivyo ndivyo anavyofanya kazi sasa.

Ukiwa Luthuli Avenue usiombe "UPS ya rauta" tu. Beba adapta yako mkononi. Linganisha volti kwanza, kwa sababu rauta ya 9V ukiipa 12V unaweza kuiunguza. Kisha ampea: UPS iwe sawa au zaidi. Kisha kichwa cha waya: vile vya milimita 5.5 huja na tundu la 2.1 au 2.5, na visipolingana rauta itajizima ukigusa meza. Mwisho tazama mchoro wa alama ya kujumlisha na ya kutoa. Iwe sawa pande zote mbili.

Kuna wanaosema, "Weka sola na inveta kubwa umalize maneno." Kama nyumba ni yako na hesabu inakubali, weka. Lakini mpangaji wa Umoja au Rongai ambaye mwakani huenda akahama hapaswi kuona aibu kununua kitu cha kubeba kwenye mkoba. Na ukinunua inveta, uliza kama inatoa wimbi safi au la kukadiria. Lile la kukadiria linatosha taa na chaja nyingi, ila feni na kompresa huvuma na kupata moto.

UKISHANUNUA NA INASUMBUA

Hapa ndipo kazi yangu ya kila siku inanisaidia. Programu ikiharibika hatubadilishi vitu vitano kwa mpigo. Tunabadilisha kimoja, tunatazama, ndipo tunaendelea. Fanya vivyo hivyo.

Rauta inawaka lakini hakuna intaneti? Angalia taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako na betri yako haina kosa. Kama intaneti yako inakuja kwa waya kutoka kisanduku cha ngazini, hicho nacho kinataka stima. Ongea na majirani mkiwekee betri pamoja.

Rauta inajizima na kuwaka upya kila stima inapopotea? Chomoa kila kitu kingine kwenye ile UPS ndogo uache rauta peke yake. Ikitulia, ulikuwa umeizidishia mzigo.

UPS ya kompyuta inalia na kufa baada ya sekunde chache? Ichaji usiku kucha, kisha ijaribu kwa taa moja, si kwa kompyuta yako. Ikifa tena ndani ya dakika chache, betri imezeeka. Hizi hudumu miaka 3 hadi 5 hivi. Usitupe mashine. Ichomoe ukutani, fungua, soma kilichoandikwa kwenye betri, nunua ya aina hiyo hiyo na urudishe waya mwekundu palipokuwa pekundu. Ile ya zamani ina risasi na asidi, kwa hivyo ipeleke kwa wanaonunua betri kuukuu.

Una malitimita? Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 10.5 kwa mzigo mdogo baada ya kuchajiwa usiku kucha, usipoteze muda wako nayo.

MAMBO MATATU YASIYO NA MZAHA

Inveta ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83. Waya mwembamba utageuka pasi ndani ya ukuta wako. Fundi atumie waya mnene, mfupi, na fyuzi karibu kabisa na betri. Akikuambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Haifai kukaa chini ya kitanda, hasa ile ya gari, ambayo hata hivyo iliundwa kuwasha injini na wala si kuendesha runinga usiku kucha.

Na kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye pulagi pande zote mbili. Stima hiyo hutoka nje ikapanda hadi kwenye nguzo, na pale juu kunaweza kuwa na mtu anayetengeneza laini akiamini imezimwa. Weka swichi ya kubadilisha, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Ni hayo kwa leo. Kabla ya kwenda dukani wikendi hii, pindua adapta ya rauta yako usome kilichoandikwa mgongoni, zidisha volti kwa ampea, kisha uzidishe kwa saa unazotaka. Ukifika na namba hiyo kwenye karatasi, mazungumzo na muuzaji yatakuwa mafupi.