STAA KAPITISHA FENSI KWENYE KIWANJA CHA BIBI KIZWITE, RADI IMEPIGA MJENGO, BIMA HANA… HALAFU ETI MCHAWI NI BIBI!

Majina yanahifadhiwa. Mwenyewe anajijua, na watu wa Kizwite watakuwa wameshamjua kabla ya kumaliza aya ya pili.

Iko hivi. Kuna staa mmoja, mtoto wa Sumbawanga kabisa, ambaye Dar wanamjua kwa ngoma zake na kwa kubadilisha gari kila mwaka unapoisha. Alirudi nyumbani kwa kishindo, akamjengea mama yake mjengo wa ghorofa Kizwite. Hapo hakuna mwenye neno. Mtoto akimjengea mama, mtaa mzima unapiga vigelegele. Klipu ya mjengo ilizunguka mpaka ikachosha: geti linalojifungua lenyewe, vigae vya kung'aa, kabati za jikoni nyeupe, na dishi kubwa juu kabisa kama taji.

Kitu ambacho klipu haikuonyesha ni upande wa kushoto. Upande ule fensi imepita bikoni. Sio kwa kilomita, ni kama hatua moja na nusu, lakini imepita. Na upande ule ndiko anakoishi bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyejenga nyumba yake ya tofali za kuchoma kwa kiinua mgongo, bati moja moja, mwaka baada ya mwaka.

Bibi hakwenda mitandaoni. Alimfuata mama wa staa baada ya misa, jirani kwa jirani, akamwambia kwa adabu: "Mwenzangu, mwambie mwanetu fundi wake kakosea. Tumwite mpimaji, tuvute kamba, yaishe." Maneno ya mtu mzima. Hakutukana, hakudai fidia, hakuita polisi.

Jibu halikuja na mpimaji. Lilikuja na picha. Staa kaegemea fensi ileile, miwani usoni, maandishi chini: "Wenye wivu wajinyonge." Mashabiki wakajaa, mioyo na moto kila mahali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bikoni iko wapi.

Mvua zikaanza. Paa la ghorofa upande wa bibi halina gata, kwa hiyo maji yote ya paa yanamwagikia kwenye msingi wa bibi. Ukuta wa chumba chake cha kulala ukapata ufa wa kuingiza kidole. Bibi akaweka tambara, akanyamaza.

Halafu jioni moja radi ikapiga mjengo. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Lakini tivii, friji na vyombo vingine vya umeme viliungua vyote, na dari ya sebule ikashika moto. Waliokimbia na ndoo ni majirani, wakiwemo wajukuu wa bibi. Waliruka fensi ile ile ya ugomvi wakiwa na maji mikononi.

Bima ya nyumba? Hakuna. Gari lina bima, simu ina kava ya laki, nyumba ya mama haina hata karatasi.

Sasa staa angesema asante. Badala yake komenti zikaanza: "Si Sumbawanga hiyo, radi za kutumwa." "Kwani yule bibi jirani si ndo alikuwa analilia kiwanja?" Staa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaweka katuni ya macho mawili, kisha akazipenda komenti zile moja baada ya nyingine. Leo bibi halali kwake. Analala kwa binti yake mtaa mwingine, kwa sababu vijana wawili walipita dirishani usiku wakaita jina lake.

Hapo utani umekwisha.

RADI HAIHITAJI NAULI

Sumbawanga iko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake za Novemba mpaka Aprili huja na ngurumo, na kila mtoto aliyesoma hapo anajua habari ya kukaa mbali na mti mvua ikianza. Sasa mtu anajenga nyumba ndefu kuliko zote mtaani, anaweka dishi la chuma juu yake, hafungi kinga ya radi, halafu ikipigwa anauliza nani kaituma. Kaituma fundi aliyesahau kinga na bosi aliyeona kinga haitapendeza kwenye klipu.

Na hao wanaosema "Sumbawanga hiyo" wakacheka, wajue jina lenyewe. Maelezo yanayojulikana na wengi ni kwamba Sumbawanga kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Mji wenyewe unakwambia uuache nje ndo uingie. Watu wa simu wanauokota wanaurudisha ndani.

Tena kuna sheria. Sheria ya Uchawi ipo nchini tangu 1928 na bado inafanya kazi. Wengi wanadhani inamhusu mchawi tu, kumbe kumtaja mtu kuwa ni mchawi nalo ni kosa. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikuandikwa kwa ajili ya wanasiasa peke yao. Kupenda komenti ya kumsingizia bibi halafu kusema "mimi sijaandika kitu" ni ujanja wa kitoto.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika kwa miaka mingi kuhusu mauaji ya wazee, hasa wanawake, yanayotokana na imani za uchawi Tanzania. Na mara nyingi nyuma ya "mchawi" kuna shamba, kuna kiwanja, kuna mpaka. Mzee akiondoka, ardhi inabaki. Ukilisoma jambo la Kizwite kwa jicho hilo, ile hatua moja na nusu inaanza kutisha.

FENSI HAIPIMWI KWA FOLOWAZI

Mgogoro wa mpaka ni jambo la kawaida. Halina aibu. Fundi anakosea kamba, bikoni inafunikwa na kifusi, mwenye kiwanja yuko Dar anasimamia ujenzi kwa simu ya video. Inatokea. Aibu ni kukataa kupima.

Kupima kwenyewe sio siri. Mnakwenda idara ya ardhi ya Manispaa, mnaomba mpimaji aje kufufua mipaka kwa kufuata ramani ya upimaji. Bikoni zikionekana, mdomo unafungwa. Na kuing'oa au kuisogeza bikoni makusudi ni kosa la jinai, sio "kurekebisha mandhari".

Mkishindwana, kuna serikali ya mtaa ya kuwakalisha, na kuna Baraza la Kata. Baraza lina wajumbe wanne mpaka wanane, na watatu lazima wawe wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, kazi ya Baraza la Kata ni kusuluhisha, sio kutoa hukumu. Wakishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake iko Mahakama Kuu. Njia ipo, ina ngazi, na hakuna ngazi inayouliza una wafuasi wangapi.

Na wazee wanaonyamaza kama bibi huyu nao waambiwe ukweli. Upole una tarehe ya mwisho. Kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12. Mtu akikaa kimya huku jirani kajenga, kapanda maua, kaweka na kibanda cha mlinzi, siku watoto wake wakija kudai watajibiwa kwa hesabu ya miaka. Andika malalamiko mapema, yapigwe mhuri, weka nakala. Huo sio ugomvi, ni kumbukumbu.

BIMA SIO MKOSI

Haya, upande wa pili. Kuna wanaosema bima ya nyumba ni mambo ya Wazungu, ukiikata unajiitia balaa. Watu hao hao wanakata bima ya gari kila mwaka bila kuogopa kujiitia ajali, kwa sababu barabarani kuna trafiki. Kwa hiyo sio imani, ni kwamba nyumbani hakuna trafiki wa kukusimamisha.

Bima ya kawaida ya moto huanza na vitu viwili vinavyotajwa pamoja: moto na radi. Soma tena. Radi! Kitu kile ambacho mtaa mzima unadai ni cha waganga, kiko kwenye karatasi ya bima miaka na miaka, kimeandikwa kama ajali ya kawaida. Kampuni haiulizi nani kaituma. Inauliza umelipia na uliandika ukweli?

Na hapo kwenye ukweli ndipo staa angekwama hata kama angekuwa na bima. Bima hulipa kitu ambacho una haki nacho kisheria. Fensi iliyosimama juu ya kiwanja cha bibi, utaidaije kama mali yako? Fomu ikiuliza kama kuna mgogoro ukaandika hapana, umeshawapa sababu ya kukunyima. Kwa hiyo mpaka unatangulia bima. Asiyejua bikoni yake hajui anachokikatia.

Kuna na mambo mengine watu hawasomi. Unakatia jengo kwa gharama ya kulijenga upya, sio bei ya kiwanja. Ukipunguza thamani ili ulipe kidogo, utalipwa kidogo. Nyumba ya kujenga kwa milioni 80 ukiandika milioni 40, ikitokea hasara ya milioni 20 unaweza kupewa milioni 10 tu, kwa sababu nusu ya hatari uliamua kuibeba mwenyewe. Maji yanayopenya ukutani polepole mwezi hadi mwezi kwa kawaida hayalipwi. Hilo ni la gata. Na bima haikopeshwi. Ulinzi unaanza ukishalipa, sio ukishaahidi.

Tetemeko nalo uliza kama limo, maana mara nyingi ni la kuongezwa. Rukwa sio mahali pa kulisahau. Desemba 13, 1910 mkoa huu ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Na Septemba 10, 2016 Kagera ilipigwa na la 5.9, maelfu ya nyumba zikaharibika. Walioangukiwa na kuta wakabaki kusubiri misaada na turubai, kwa sababu nani alikuwa na bima ya nyumba?

Wengine watasema, "Kampuni za bima wezi, hawalipi." Zipo zinazozungusha watu, tusidanganyane. Lakini ukizungushwa kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na wote wapo kwa sheria ile ile ya 2009. Mwenye karatasi ana pa kulalamikia. Asiye na karatasi analalamikia kwa mganga, na mganga atamtajia jina la jirani. Mganga gani kawahi kumtajia mtu kinga ya radi?

KWA HIYO?

Watetezi wa staa wanasema kijana katafuta kwa jasho, aachwe ale maisha. Ale. Hakuna anayemkataza ghorofa. Lakini pesa za jasho hazihamishi bikoni, na mapenzi kwa mama yako hayakupi ruhusa ya kumkosesha usingizi mama wa mwenzio. Tena mama mwenyewe anaishi pale. Wewe ukirudi Dar, ndiye anayebaki na mtaa. Siku akianguka bafuni usiku, atakayesikia wa kwanza ni yule aliye nyuma ya fensi, na sasa kitanda chake kiko kitupu.

Mambo ya kufanya sio mengi. Posti moja ya kusema wazi kwamba bibi hahusiki na radi, kwa sauti ile ile iliyotumika kwenye "wajinyonge". Mpimaji aje, fensi irudi inapotakiwa. Gata zifungwe, ufa wa bibi uzibwe. Kinga ya radi iwekwe. Halafu ndo bima ikatwe, kwa thamani ya kweli, juu ya kiwanja kisicho na kesi. Hesabu yote hiyo haifikii bei ya gari moja la kuonyeshea watu.

Na hao mashabiki walioandika "radi za kutumwa" kisha wakaendelea kutazama klipu za kucheka, wajue komenti zao bado zipo. Bibi hana simu ya kuzisoma. Anasomewa na mjukuu wake, yule yule aliyeruka fensi na ndoo ya maji.