Spoti ya alfajiri: kundi linakupa nguvu, lakini linaweza pia kukukataza kusimama

Katika miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kama vile Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, makundi ya spoti yamekuwa sehemu ya maisha ya mji. Siku ya posho na siku ya Mungu, mbele jua halijatoka vizuri, watu wanakimbia kwa mistari, filimbi mbele, nyimbo katikati. Kiisha mbio, wanaingia uwanjani ao kwenye kiwanja cha masomo juu ya mazoezi makali: pompe, kuruka, kuchuchumaa, kubeba mwenzako mgongoni. Ni mazoezi ya namna ya kambi ya askari, lakini wenye kuyafanya ni wamama wa soko, walimu, motari na watumishi wa ofisi. Swali ni hili: je, yanafaa kwa kila mtu mwenye kuja?

Sababu za watu kupenda makundi haya zinaeleweka. Ya kwanza ni makuta. Sale ya spoti yenye mashine inalipisha kila mwezi, lakini barabara hailipishi. Na makuta yamezidi kuwa magumu: Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na benki za Goma zikafunga milango. Kwa mtu mwenye kukosa mshahara, mazoezi ya pamoja ni kitu kimoja kizuri ambacho hakiombi franka nyingi.

Ya pili ni kichwa. Mtu mwenye kulala na mawazo ya vita, deni na watoto anapata saa moja ya kupumua. Ya tatu ni umoja. Makundi mengi yako sawa na likelemba: yana presida, jezi, michango ya msiba na ya ndoa. Usipoonekana mara mbili, mtu anakuita kwenye simu. Ni vile mtu ambaye peke yake angeacha kiisha siku tatu, ndani ya kundi anaendelea mwaka mzima.

Kwa afya, faida ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kila juma, ao dakika 75 mpaka 150 za mazoezi ya nguvu, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kwenye shida ya tansio, mazoezi ya kufuatana yanasaidia kuishusha. Lakini OMS pia ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ya juu duniani hawajui kama wanayo. Maana yake ni wazi: kwenye mstari wa watu hamsini, wamoja wana tansio na hawajapimwa hata siku moja.

Hapo ndipo shida inaanza. Kile kinachompa mtu nguvu ya kuendelea ndicho kinamnyima ruhusa ya kusimama. Kundi lote linaimba, koch anapiga filimbi, mwenye kubaki nyuma anachekwa ao anapigishwa pompe kama azabu. Mtu anasikia kifua kinabana, lakini anaona haya. Mara nyingi koch mwenyewe ni kijana mwenye kucheza mpira ao karate. Ana moyo wa kazi, lakini hakufundishwa kutofautisha mvivu na mgonjwa.

Hatari kubwa iko kwa mgeni wa siku ya kwanza. Mwili ambao haujazoea, ukifanyishwa mamia ya pompe na kuchuchumaa kwa siku moja, misuli inaweza kupasuka ndani na kumwaga uchafu kwenye damu, na uchafu huo unaumiza mafigo. Waganga wanaita ugonjwa huo rabdomiolizi. Unajulikana sana kwa askari wapya. Dalili zinakuja siku moja mpaka tatu kiisha mazoezi: maumivu makali kupita uchovu wa kawaida, misuli kuvimba, na mkojo wa rangi ya chai nyeusi. Mkojo ukiwa vile, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kosa la wengi ni kukimbilia famasi ya kartie na kununua diklofenaki ao ibuprofeni, dawa ambazo zinaweza kuongeza mzigo kwenye mafigo yaliyokwisha kuumia.

Kuna pia wenye kuhitaji kuuliza muganga mbele ya kuanza: mwenye tansio ao sukari, mama mjamzito, mwenye homa ya malaria, na mwenye damu ya SS. Hata mwenye AS, ambaye kila siku anajiona mzima, anaweza kuanguka akisukumwa kupita nguvu bila maji wala pumziko. Tena Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari. Mtu mwenye kutoka Uvira ao Kindu anapaswa kuzoeza pumzi yake kwanza. Na mwenye kulala bila kula, hali ambayo nyumba nyingi zinaijua, asijilinganishe na mwenye kula mara tatu.

Usalama nao una sheria zake. Ituri na Kivu ya Kaskazini zinajua utawala wa kijeshi, état de siège, tangu tarehe 6 Mei 2021. Sehemu zingine ziko chini ya AFC/M23. Popote pale, kundi la watu wenye kukimbia na kuimba gizani linaweza kumshtua mwenye silaha, na mama mwenye kutoka nyumbani peke yake saa kumi na moja asubuhi anajiweka hatarini mbele hata ya kufika kwenye kundi. Kuchelewesha saa mpaka kuwe na mwangaza hakupunguzi faida ya mazoezi hata kidogo. Kunapunguza pia hatari ya gari na moto kwenye barabara zisizo na taa.

Kwa hiyo dawa ya shida hii iko ndani ya makundi yenyewe, na haiombi makuta mengi. Kundi linaweza kutoa sehemu ya michango yake juu ya kupima tansio ya kila memba kwenye kituo cha afya. Linaweza kutenga mstari wa wageni wenye mwendo wao kwa majuma ya kwanza, kuweka bido ya maji safi, na kufuta azabu ya pompe. Mtu wa mwisho kwenye mstari awe mzoefu, si mgeni mwenye kuachwa nyuma peke yake.

Na mwenye kutafuta kundi la kuingia, asiangalie kwanza uzuri wa jezi wala ukali wa koch. Aende siku moja aangalie tu. Aone memba akisema "nimechoka" wanamfanya nini. Kama wanamkalisha, wanampa maji na kumuuliza hali, hilo ni kundi la kuingia. Kama wanamcheka, atafute lingine.