Matope ya Ruwenzori

Atakaye kuipanda Milima ya Ruwenzori, nchini Uganda, na ajiandae kwa matope kabla ya kufikiri habari za theluji. Njia iitwayo Mzunguko wa Kati huanzia Nyakalengija, nayo huchukua siku saba hivi. Kibanda cha kwanza, Nyabitaba, kipo kwenye kimo cha mita 2,651. Juu zaidi, baada ya kibanda cha John Matte, msafiri huingia katika kinamasi cha Bigo, ambako mguu huweza kuzama hadi gotini. Hapo viatu vya ngozi vya fahari si kitu. Wapagazi wa Kikonjo huvaa buti za mpira, nao wanajua wafanyalo.

Lililo kubwa zaidi ni kichwa. Huko juu hewa ni nyepesi. Aumwaye kichwa na kuona kichefuchefu asiwafiche wenziwe kwa haya, wala asiendelee kupanda. Akianza kuyumba kama mlevi, au kutweta hali ameketi, ateremshwe upesi, hata ikiwa ni usiku. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kitamngoja. Ila barafu yake, aliyoikanyaga Mtaliani Luigi Amedeo mwaka 1906, inazidi kupungua.