SHULE ZA GARISSA NA WALIMU WAKE

Wasomaji wetu wa ukingo wa Tana waijua vyema Shule ya Sekondari ya Garissa, na ile ya wasichana iitwayo NEP. Elimu ilichelewa kufika huko. Tangu mwaka 1926 Serikali ya kikoloni iliifunga Mpaka wa Kaskazini, hata mtu hakuingia wala kutoka ila kwa cheti. Na baada ya Uhuru zikafuata sheria za hali ya hatari, zisiondolewe mpaka 1991.

Lakini taabu kubwa zaidi si majengo, ni walimu. Wengi walitoka majimbo mengine. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, wakauawa watu 28, walimu wakiwamo.  Tarehe isiyosahaulika ni 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji. Nani awalaumu? Mke na watoto humngoja mtu nyumbani. Hata hivyo mwanafunzi wa kidato cha nne alibaki na kitabu cha kemia pasipo wa kumfafanulia.

Chuo hicho kilikuwa chuo cha ualimu kabla ya 2011. Kilifunguliwa tena Januari 2016, nacho chafundisha ualimu. Wazazi wenye vijana waliofaulu na waulize hapo kwanza.