Rafiki yangu alikuwa mgonjwa: waraka wa wazi kwa Wizara ya Afya ya Jimbo la Lualaba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo, Kolwezi
Nakala: Programu ya Taifa ya Afya ya Akili, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Rafiki yangu alijiua mwaka huu, hapa Kolwezi. Jina lake silitaji, kwa kuwa watoto wake bado wanasoma mtaani kwetu. Nakuandikia wewe kwa sababu kifo chake kinaihusu ofisi yako kuliko kinavyomhusu pasta, polisi, au wale waliokaa kilioni wakimtafuta mchawi. Alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake unaitwa sonona, wengine hapa husema depresio. Dalili zake zinajulikana na matibabu yake yapo. Hakuna aliyemwambia hivyo hata siku moja.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kazi anayo, mshahara unaingia. Nalisema hili mapema maana swali la kwanza kilioni lilikuwa: alikosa nini? Watu wa mji huu tunaijua huzuni yenye sababu. Mwaka 2003 kampuni ya madini ya Gécamines iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na baba wengi wakabaki barazani wakiitazama njia ya kwenda mgodini. Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulimomonyoka katika mgodi wa KOV ukaua wachimbaji 43. Baada ya mambo kama hayo, mtu akisononeka tunamwelewa. Lakini ugonjwa huu haungoji msiba. Wengine huuchukua katika ukoo, wengine huletewa na hasara, pombe, uzazi au maradhi ya muda mrefu, na mara nyingi vinachanganyika hata mgonjwa mwenyewe hawezi kutaja chanzo.

Kwake ulianza na usingizi. Akiamka saa tisa usiku, halali tena. Chakula kikapoteza ladha, kifua kikawa kizito, kichwa kikauma kila asubuhi. Akaacha kwaya. Akaacha hata mpira, yeye aliyekuwa mtu wa Mazembe tangu utotoni. Binti yake alipofaulu mtihani wa taifa na mtaa mzima kupiga vigelegele, alitabasamu kwa adabu, akaingia ndani. Vituo vya afya alikwenda, tena zaidi ya kimoja: akatibiwa malaria, akatibiwa tifoidi. Sina lawama kwa wauguzi waliompokea, kwa kuwa hawakufundishwa kuuliza lingine. Kisha akapelekwa kwenye maombi, akafungishwa chakula, akaambiwa aungame dhambi aliyoificha. Mheshimiwa, mgonjwa wa sonona tayari anaamini kwamba ana hatia na kwamba ni mzigo kwa watu wake. Imani hiyo ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Ukimwambia atafute dhambi, ataipata.

Sisemi watu wasiombe. Mimi naomba. Eliya alipolala chini ya mti jangwani akimsihi Mungu amtwae, hakukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa tena. Kanisa Katoliki lenyewe limesogea: sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa makusudi, na ile ya mwaka 1983 haikulirudia katazo hilo. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Wenzetu wanaanza kuona mgonjwa pale walipoona mkosaji.

Huku kwetu, kilio cha rafiki yangu kiliharakishwa. Mjane alitazamwa kama mshtakiwa. Nimewalilia marafiki wengine, waliofia barabarani na waliofia mashimoni, na kwa hao tulisimuliana habari zao mpaka alfajiri. Kwa huyu tulinyamaza. Natamani kusimulia alivyokuwa akicheka, na jinsi alivyowafundisha vijana wa Kapata kushika mashine ya kuchomelea bila kuwadai hata faranga. Kila nikianza, mtu hubadilisha mazungumzo. Nimefiwa, na sina wa kufiwa naye.

Sasa yale yaliyo mikononi mwako. Anayetaka daktari wa maradhi ya akili huelekezwa Lubumbashi, kituo cha Joseph Guislain, karibu kilomita 300 kutoka hapa. Nauli, chakula, mtu wa kumsindikiza: nani anaviweza, na nani ataomba ruhusa kazini kwa ajili ya mawazo? Mwaka 2005 Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa kijana kwa kujiua, kwa kuwa familia ilikosa dola 15 za basi la kufika hospitalini Harare. Mwaka uliofuata alianza kuwafundisha akina bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa wa Mbare, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wawasikilize, wawasaidie kulitatua tatizo moja kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kusini mwa Uganda, huko Masaka na Rakai, vikundi vya kijiji vilivyoongozwa na watu wasio madaktari vilikuwa vimeonyesha jambo kama hilo mapema, katika utafiti wa mwaka 2003.

Nasi tunao reko, wale wahudumu wa mtaa wanaojua kila mlango wa Dilala, Manika na Fungurume. Wanauliza habari za chanjo na kuhara. Wafundishwe pia kuuliza: majuma haya mawili, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Umekata tamaa? Na anayekubali aulizwe waziwazi kama anawaza kufa. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Muuguzi mkuu wa kila kituo afundishwe mwongozo wa mhGAP wa kutibu maradhi ya akili, ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa wasio wataalamu. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Ziwepo vituoni, zitolewe kwa uangalizi, na mgonjwa aelezwe kwamba nafuu huchukua majuma kadhaa, asije akaziacha siku ya tano. Na kifo cha namna hii kiandikwe kwa jina lake katika rejista zenu, kwa maana kisichoandikwa hakitengewi bajeti.

Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 huenda kwa manispaa au sekta inayochimbwa. Kila kampuni ya mgodi hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kutia saini ahadi na wakazi. Katika ahadi hizo tunajengewa barabara, madarasa, visima. Iongezwe afya ya akili, na iwafikie wafanyakazi wa kampuni ndogo zinazotumikia migodi mikubwa. Rafiki yangu alikuwa mmoja wao.

Kwa msomaji anayejitambua katika dalili nilizozieleza: mwambie mtu leo, mmoja tu unayemwamini, usibaki peke yako usiku huu, na mfike pamoja hospitali iliyo karibu. Unaumwa, na ugonjwa huu hutibika.

Mheshimiwa Waziri, mjane amekubali kuja nami ofisini kwako kueleza walipopita na walichoambiwa, kituo kwa kituo. Tunaomba utupangie siku.

Kwa heshima,
Mkazi wa Manika, Kolwezi