Dua ya Kuongezewa Limiti



Mimi ni mtu wa chuoni. Kwa zaidi ya miaka thalathini nimekuwa nikisomesha watoto hapa Mombasa, na watu huniletea maji niyasomee, huniletea watoto wanaolia usiku, huniletea mume na mke walionuniana. Nilidhani nimekwisha kuombwa kila dua iombwayo. Walakin mwaka huu, baada ya sala ya Alasiri, alinijia bibi mmoja anayeuza mahamri na mbaazi mtaani kwetu, akakaa barazani, akatoa simu mkobani, akaniambia, "Maalim, naomba unisomee dua. Nataka limiti yangu ipande."

Sikumfahamu. Ikambidi anieleze, kwa upole kama amwelezaye mtoto, kwamba limiti ni kile kiwango cha mwisho ambacho simu imemruhusu akope. Yake ilikuwa shilingi 3,000 naye akitaka ifike 15,000. Nikamuuliza, "Mwanangu, sasa hivi wadaiwa?" Akasema, "Nadaiwa maalim, 2,700." Yaani ana deni, hajalilipa, na dua anayoiomba si ya kulipiwa hilo deni. Anaomba aruhusiwe kudaiwa zaidi!

Sikumcheka, nawe msomaji usimcheke. Alilotamka bibi huyu kwa ulimi, wengi wetu twaliomba kwa moyo. Mwenye kazi ya ofisini ana kadi ya mkopo ya benki, na furaha yake ni siku aambiwapo kuwa kiwango cha kadi yake kimeongezwa. Kijana wa bodaboda ana simu, na furaha yake ni ujumbe uingiao alfajiri kumpa bishara hiyo hiyo. Huyu ana tai na yule ana helmeti. Maradhi ni mamoja.

Basi kwa nini watu wanautamani ukubwa wa limiti? Ukiwauliza watakujibu kuwa ni haja. Nami nasema hapana. Haja ina kipimo chake. Mwenye kuhitaji unga kilo mbili anaijua bei ya unga, na mwenye kutakiwa karo ya mtoto anayo karatasi ya shule mkononi. Jee, anayetaka limiti itoke 15,000 ifike 40,000, ni haja gani hiyo ya 25,000 aliyonayo leo? Hana. Anataka uwezo wa kukopa kwa haja ambayo haijazaliwa.

Nimewasikia vijana barazani wakitajiana limiti zao kama wazee wetu walivyokuwa wakitajiana minazi. "Mimi nina thelathini elfu." Una nini, mwanangu? Huna hata moja! Hizo ni pesa za mtu mwingine, amekuonyesha ziliko. Wazee walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hawakusema kuwa mbuzi hujisifu kwa kamba. Na ajabu kubwa kuliko zote ni hili wanaloliita kukuza limiti. Kijana hana haja ya pesa, anakopa 500 akazitia kabatini, kesho kutwa anazirudisha na ziada yake, ili aonekane mkopaji mwema, aongezewe. Analipia gharama ili apewe idhini ya kulipia gharama kubwa zaidi. Angefanya hivi mtoto wa darasa la pili na vibanzi vya miwa tungempeleka kwa mganga.

Hebu tutazame mambo yalivyotujia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, nayo ilikuwa kazi ya kutumiana pesa tu. Mwenye kuiona hiyo kuwa mbaya hana haki. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, na simu ikaanza kukopesha. Ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5, mwenye kukopa 1,000 alirudisha 1,075. Utasema shilingi 75 ni nini? Basi mwenye kuikopa elfu hiyo hiyo kila mwezi, na wa namna hiyo walikuwa wengi, mwaka ukimalizika ametoa 900 kwa ajili ya kutumia elfu moja. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo ni ya namna nyingine: unalipa kitu, pesa zimepungua, simu inajazia palipopungua, kuna sehemu inayotozwa mwanzo, kisha siku zikenda kuna ada ya kila siku kwa kadiri ya deni. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022, na waliompunguzia mkopaji mdogo walifanya vyema, walakin mlango ni ule ule. Na pesa yoyote iingiayo hukatwa deni kwanza. Binti yuko Riyadh, afanya kazi katika nyumba za watu, amtumia mamake pesa za dawa. Ujumbe waingia, na mama hajavaa miwani kuusoma, mdai amekwisha kuchukua lake.

Kuna watu, na baadhi yao ni wasomi, husema: hii si riba, ni ada ya huduma. Ndugu yangu, hamali akikubebea gunia ana ujira wake, na akishalitua amemaliza. Ni ada gani hii inayoongezeka kwa kuwa jua limekuchwa na likachomoza tena, na mkopeshaji hakutia mkono katika kazi yoyote? Wakati wa Jahiliyya mdaiwa alipofika siku ya ahadi bila ya kitu, mdai humpa khiyari: alipe, ama aongezewe muda naye aongeze mali. Hilo ndilo lililoharimishwa katika sura ya Al-Baqara, likatangazwa kuwa ni vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Halikuitwa ada zama zile kwa sababu Makureshi hawakuwa na matangazo ya biashara.

Wala si sisi wa kwanza kuivisha riba kanzu. Katika karne ya 19, Unguja na pwani hii, wenye mashamba ya karafuu na minazi walikopa kwa wafanyabiashara, wengi wao wa Kihindi, kwa njia iliyoitwa bei khiyari. Mtu akiliuza shamba lake kwa sharti kuwa ana khiyari ya kulikomboa, kisha hubakia mle mle shambani akilipa kodi ya kitu ambacho jana kilikuwa chake. Karatasini ni bei na ijara, mambo ya halali. Ukiifunua karatasi wakuta deni na ziada yake. Simlaumu mkopeshaji wa zama hizo, yeye alikuwa kazini. Nawazungumzia babu zetu. Mwenye shamba kubwa alikopeshwa zaidi, naye akahisabu kuwa huko kukopeshwa ndiko ukubwa wenyewe. Akaoza kwa ngoma za siku saba, akajenga baraza ya mawe, akanunua jambia la fedha. Hiyo ilikuwa limiti yao. Ilipofika mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Unguja ilibidi itunge sheria za kuyazuia mashamba yasizidi kuhamia mikononi mwa wadai. Nasi wajukuu hatuna shamba la kuweka rehani, basi twaweka rehani mshahara wa mwezi ujao na jina letu. Na majina yalikwenda kweli: mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni walioshindwa na mikopo ya simu ili majina yao yasafike, hao walihisabiwa kuwa zaidi ya milioni 4.

"Lakini maalim," utaniambia, "kuna dharura." Naam, iko, wala sheria yetu haikuisahau. Aliyefikwa na njaa ya kufa, na hana ila mzoga, ameruhusiwa kula kiasi cha kushika roho. Walakin, ni nani umepata kumsikia akiwa na mzoga mbele yake, naye ainua mikono aongezewe sufuria? Hapo ndipo limiti inapotufichua. Mwenye dharura huomba dharura imwondokee. Anayeomba limiti ipande amekwisha kuifanya dharura kuwa ni makao.

Na deni lenyewe, msomaji usinifahamu vibaya, si haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alifariki dunia na deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Hakukuwa na aibu katika kukopa chakula. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa katika sala yake akimuomba Mola amkinge na mzigo wa deni, hata akaulizwa kwa nini aliomba hivyo mara kwa mara, akaeleza kuwa mdaiwa hufika mahali akisema hudanganya na akiahidi huvunja. Na ililetwa jeneza ya mtu aliyeacha deni la dinari chache, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake.

Itazame aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Haikuja kueleza pepo wala moto. Imekuja kueleza deni: liandikwe, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Deni katika Uislamu ni jambo lenye nyuso za watu ndani yake. Mkopo wa simu hauna uso hata mmoja. Mke hajui la mumewe, mume hajui la mkewe, na wote wawili wamelala kitanda kimoja kila mmoja akiigeuza simu yake kifudifudi. Siku ya maziko walii husimama mbele ya watu akasema, anayemdai marehemu aje kwetu. Simu iko mfukoni mwa mtoto, imezimwa, na ya ndani yake hapana aliyekuwa akiyajua ila aliye juu ya machela.

Nilikuwa nimefika hapa katika fikira zangu, nami nikajiandaa kumpa yule bibi mawaidha, mawaidha mazuri kabisa. Nikamwambia, "Mwanangu, siri hii itakuangamiza." Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Maalim, ndiyo niitakayo hiyo siri. Limiti ikiwa kubwa, nalala. Mjukuu akishikwa na homa usiku wa manane, sipigi hodi kwa mtu."

Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Miaka miwili kabla ya siku hiyo bibi huyu alikuja kwetu msikitini kutaka 4,000 za hospitali. Tuliketi watu sita, nami nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Mmoja wetu alimuuliza mumewe yuko wapi. Wa pili alimuuliza mbona binti yake ameonekana na simu mpya. Wa tatu, yaani mimi, nilimwambia arejee baada ya Ijumaa tutazame kilichomo. Hakurejea, nasi hatukumtafuta. Tulihisabu mambo yake yametengenea. Yalitengenea kweli. Alikwenda kwa asiyemuuliza mumewe yuko wapi.

Sasa nawageukia nyinyi wenye uwezo, msiokopa, mlioifurahia makala hii tangu mwanzo. Nyinyi ndio mliompa mkopeshaji huyu wateja wake. Mna pesa zimelala, na jirani akija kutaka qardhi ya 800 mwamwambia, "Wallahi mwezi huu mgumu." Akikopeshwa, khabari zake zimefika sokoni kabla yake. Kwenye Al-Baqara hiyo hiyo mnayoisoma kukataza riba, mmeamrishwa kumngoja mdaiwa aliye dhikini mpaka apate, na mkaambiwa kumsamehe ni kheri kwenu. Nani kati yenu amengoja? Tuna benki za Kiislamu nchini tangu mwaka 2008, na ni jambo la kushukuriwa, lakini muuza mahamri aliyepungukiwa na mfuko wa unga saa kumi alfajiri hafiki benki. Afika kwako, au afika kwenye simu. Wanawake wetu katika michezo yao ya kupeana zamu wametushinda kwa mbali. Hao hukaa, wakahisabu, wakamjua mwenye shida miongoni mwao wakampisha mbele. Sisi wenye vilemba tuna sanduku lenye kufuli mbili na funguo zake ziko kwa watu wasiosemezana.

Yule bibi nilimsomea dua. Nilimuombea alipiwe deni lake, na kuhusu limiti nikasema kweli, kwamba sitaiombea ipande. Hakukasirika. Alisema, "Basi maalim, niombee na unga ushuke bei," nikaomba.

Kisha tulikaa watu wanne, si sita, tukatoa tulichokuwa nacho: shilingi 18,000, na 7,000 katika hizo ni za mwanamke mmoja mshonaji ambaye hataki kutajwa. Ni qardhi, hairudi na ziada. Daftari ni moja, la mkono, laandikwa na mtu mmoja mbele ya mashahidi wawili wanaojua kufunga midomo. Tumekubaliana kuwa mkopaji aulizwe maswali mawili tu, ataka kiasi gani na aweza kurudisha lini. Mpaka naandika haya waliochukua ni kumi na mmoja, wanane wamerudisha, wawili wameomba kungojwa, na mmoja amehama nasi twamuombea kheri huko aliko.

Pesa ni chache na zaisha kabla ya mwezi kwisha. Mwenye kutaka kutia, aje wakati wowote. Mwenye kutaka kukopa, aje baada ya Isha, apite mlango wa nyuma, upande wa kisimani, ambako taa iliungua na tumeiacha hivyo.