Fundi, Kabla Ufomati Hiyo Diski, Ngoja Kwanza

Hoja yangu leo ni moja: kufomati si kurekebisha.

Kompyuta ya mathe ilikufa hapa kwetu Litein. Tukatoa hadi diski yake, tukaifunga kama diski ya pili kwa kompyuta ya mtumba. Ndani kuna Windows 7 na rekodi za miaka tisa: kilo za majani chai kutoka shamba la kogo, ambalo mathe na ndugu zake wanagawana. Faili tuliziona, lakini programu yake ya hesabu ilikuwa kwa ile Windows ya zamani pekee. Na bonasi ilikuwa inakaribia. Bila rekodi, wajomba wangeanza kuulizana nani alichuma ngapi.

Fundi akaangalia dakika mbili. "Hii ni ya zamani. Nifomati muanze upya?"

Zii. Nikairudisha nyumbani.

Shida ya kwanza: ukiwasha, diski haionekani kwa orodha ya kuanzia. Kompyuta mpya huanza kwa njia ya UEFI, lakini diski nyingi za enzi ya Windows 7 zilipangwa kwa MBR, zinataka njia ya zamani. Nikaingia BIOS, nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, nikazima Secure Boot, nikawasha Legacy.

Ikaanza, alafu skrini ya bluu: 0x0000007B. Maana yake Windows imeshindwa kufikia diski yake. Nikabadilisha SATA kutoka AHCI hadi IDE, na ikawaka! Nilichomoa waya wa intaneti mapema, kwa sababu Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tukachapisha rekodi zote, nikarudisha BIOS vile ilikuwa kwa picha, la sivyo ile Windows mpya ingegoma pia.

Simlaumu fundi sana. Kufomati ni haraka, na foleni yake ni ndefu. Lakini haraka yake ingefuta jasho la mathe, na hakuna mtu angemrudishia.

Kwa hivyo ukiambiwa "ni ya zamani", uliza: imeharibika, ama hatujui kuiwasha? Hayo ni maswali mawili tofauti.

Wajomba walikuja Jumapili. Mathe akaweka karatasi mezani, akamimina chai. Hakuna aliyepandisha sauti.